Bati, Nondo na Hewa Ukaa: Mambo Anayopaswa Kuyajua Mnunuzi wa Chuma

Sura hii imeandikwa kwa ajili ya mlaji anayejiandaa kujenga au kuezeka. Tunamfikiria mkazi wa Murungu, wilayani Kibondo, anayenunua mabati manne au matano kila baada ya mavuno ya maharage na kuyahifadhi ndani mpaka yatimie idadi ya kuezekea. Tunamfikiria pia mkazi wa Kasulu mjini anayetafuta nondo za msingi na nguzo. Wote wawili wanasikia redioni kwamba dunia inataka kupunguza hewa ukaa, kwamba Serikali imejiwekea malengo, na kwamba chuma ni miongoni mwa bidhaa zinazochafua anga kuliko nyingi. Wanayo haki ya kuuliza: jambo hili linanihusu wapi mimi ninayehesabu bati? Tunajibu kwamba linawahusu sana, ingawa si kwa njia ambayo mwenye kutangaza bidhaa angependa waamini.

Kutu inayogeuzwa kuwa chuma

Hatuna budi kuanza na jinsi chuma kinavyopatikana, kwa sababu bila kulielewa hilo sera zote hubaki maneno matupu. Mawe yanayochimbwa ili kutoa chuma, yaani mtapo, kwa sehemu kubwa ni chuma kilichoshikana na oksijeni. Kutu inayotafuna bati kuukuu nayo ni chuma kilichoshikana na oksijeni, pamoja na maji. Kwa hiyo kufua chuma kutoka katika mawe ni kazi ya kuigeuza kutu iwe chuma, na bati linalooza juu ya paa ni chuma kinachorejea kule kilikotoka.

Kinachoyanyang'anya mawe oksijeni hiyo, tangu kale, ni kaboni. Makaa yanapoungua ndani ya tanuru, kaboni huikamata oksijeni ya mtapo. Chuma hubaki chini, na mwishowe kinachotoka juu ni hewa ukaa. Wafua chuma wa kale wa Kagera, majirani zetu wa kaskazini, waliifanya kazi hiyo kwa mkaa wa miti na matanuru ya udongo, na matokeo ya utafiti juu ya ustadi wao yalipochapishwa mwaka 1978 yaliwashangaza wanasayansi wa nchi nyingi. Viwanda vikubwa vya leo hutumia makaa ya mawe yaliyookwa kwanza mpaka yakawa koki. Tanuru limekua likawa refu kama jengo la ghorofa, lakini kinachotendeka ndani yake ni kilekile.

Ugumu wa kupunguza hewa ukaa katika chuma unatokana na jambo hilo. Katika shughuli nyingi makaa ni chanzo cha joto tu, na joto linaweza kupatikana kwa umeme au gesi. Katika kufua chuma kipya, makaa ni joto na ndiyo pia yanayotenda kazi ya kuitoa oksijeni. Kuyaondoa ni kubadili kiwanda kizima. Kila tani ya chuma inayofuliwa kwa njia hii hutoa hewani zaidi ya tani 2 za hewa ukaa, na wastani unaotajwa kimataifa ni karibu tani 2.3. Dunia hufua takribani tani bilioni 1.9 za chuma kwa mwaka, zaidi ya nusu yake nchini China, na karibu asilimia 70 ya chuma chote hupitia njia ya makaa.

Njia ya pili ni kuyeyusha chuma chakavu kwa umeme. Chakavu tayari ni chuma. Oksijeni yake ilikwisha kuondolewa zamani, na gharama ya hewa ukaa ilikwisha kulipwa siku chuma hicho kilipozaliwa. Kuyeyusha tani moja katika tanuru la umeme huhitaji uniti 500 hadi 700 hivi. Uchafuzi wa chuma cha namna hiyo hutegemea sana umeme wenyewe umetoka wapi: ukitoka katika maporomoko ya maji ni mdogo mno, ukitoka katika dizeli au makaa ni jambo jingine. Ipo na njia ya tatu, ya kutumia hidrojeni badala ya kaboni. Mjini Luleå, nchini Uswidi, chuma cha majaribio cha namna hiyo kilipatikana mwaka 2021. Bado ni ghali, na mnunuzi wa Kibondo asikisubiri.

Bati na nondo hazikuzaliwa pamoja

Katika duka moja la vifaa vya ujenzi, bati na nondo huweza kuegemea ukuta mmoja, lakini historia zao ni tofauti. Nondo nyingi zinazouzwa nchini hutengenezwa na viwanda vya hapa nchini, ama kwa kuyeyusha chakavu, ama kwa kupasha moto na kuvuta vipande vya chuma vilivyoagizwa kutoka nje. Bati halitengenezwi hivyo. Tanzania haina tanuru kubwa la makaa linalofua chuma kipya. Chuma cha bati huagizwa kikiwa kimesokotwa katika koili, kutoka nchi kama China na India, na viwanda vya hapa hukipaka rangi au zinki pale inapohitajika, hukikunja migongo na kukikata kwa urefu anaoutaka mteja. Maneno "imetengenezwa Tanzania" yaliyopigwa chapa juu ya bati ni ya kweli kwa kazi iliyofanyika hapa. Kuhusu hewa ukaa hayatuelezi kitu, kwa kuwa sehemu kubwa ya hewa hiyo ilitoka mbali kabla meli haijang'oa nanga.

Tuchukue paa la nyumba ya kawaida linalohitaji mabati 40 ya mita 3, ya geji 30. Bati moja, likiwa limekunjwa kutoka katika koili yenye upana wa milimita 914, lina uzito wa kilo 6.8 hivi, na paa lote lina chuma cha kilo 270 na ushei. Kikiwa kimefuliwa kwa makaa, chuma hicho kilitoa hewani takribani kilo 620 za hewa ukaa, sawa na kuchoma lita 230 za dizeli. Bado hatujahesabu zinki, rangi na usafiri.

Wengi hudhani usafiri ndio mzigo mkubwa, kwa kuwa Kibondo iko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka bandari ya Dar es Salaam na nauli ya mzigo huonekana wazi katika bei. Katika bei ni kweli. Katika hewa ukaa sivyo. Lori lililobeba tani 30, likitumia lita 45 za dizeli kwa kila kilomita 100, kwa safari ya kilomita 1,200 na kurudi tupu, huongeza kilo zisizofika 100 kwa kila tani ya bati. Ukizilinganisha na kilo 2,300 zilizotoka tanuruni, lori ni dogo.

Hesabu hii inamwelekeza mlaji kwenye swali lenye uzito kuliko yote: bati hilo litadumu miaka mingapi? Kilo 620 zikigawanywa kwa miaka 30 ni kidogo. Zikigawanywa kwa miaka 10, kisha paa likang'olewa na jingine kununuliwa, ni mara tatu yake. Na fedha za mwenye nyumba huenda kwa hesabu hiyohiyo.

Sera ya Serikali inagusa wapi

Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Paris wa mwaka 2015, na mwaka 2021 iliwasilisha mchango wake wa kitaifa ikiahidi kupunguza gesi joto kwa kati ya asilimia 30 na 35 ifikapo mwaka 2030, ikilinganishwa na hali ambayo ingekuwapo kama hatua zisingechukuliwa. Msomaji atakayekutana na herufi NDC katika habari za mazingira ajue kwamba ndiyo ahadi hiyo. Akikutana nazo katika habari za Liganga ajue kwamba huko ni Shirika la Maendeleo la Taifa. Tumewahi kuona hata magazeti yakichanganya.

Sekta zilizobebeshwa mzigo mkubwa katika ahadi hiyo ni nishati, usafirishaji, misitu na taka. Kufua chuma hakukuwekwa mstari wa mbele, na sababu yake ni ya haki: nchi isiyo na matanuru makubwa ya makaa haiwezi kuahidi kuyazima. Hata hivyo chuma chetu kinaguswa kwa mlango wa nishati na kwa mlango wa taka, na milango hiyo miwili ina maana kubwa kuliko inavyoonekana.

Mlango wa nishati ni umeme unaoyeyusha chakavu. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme katika Gridi ya Taifa mapema mwaka 2024, na mtambo wa mwisho ulikamilika mwaka 2025. Nondo iliyoyeyushwa kwa umeme huo ina hewa ukaa kidogo kuliko nondo iliyoyeyushwa kwa umeme wa mafuta, hata kama tanuru ni lilelile na mnunuzi haoni tofauti yoyote. Wakazi wa Kasulu na Kibondo wanaujua mfano mdogo wa jambo hili. Kwa miaka mingi miji yao iliwashiwa taa na majenereta ya dizeli, mpaka ilipoanza kuunganishwa na gridi mwaka 2022. Hakuna tanuru la chuma Kibondo, lakini fundi wa kuchomelea mageti sasa anatumia umeme ambao haukuletwa kwa lori la mafuta.

Mlango wa taka ni ukusanyaji wa chakavu. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake za taka hatarishi, mfanyabiashara anayekusanya, kusafirisha au kuuza nje chuma chakavu hana budi kuwa na kibali. Kanuni hizo husemwa zaidi kuhusu wizi wa miundombinu, na ni kweli: reli, alama za barabarani, vifuniko vya mifereji na nyaya vimeyeyushwa sana katika ukanda huu. Kenya ilifikia hatua ya kusimamisha biashara yote ya chakavu kwa miezi kadhaa mwaka 2022 baada ya minara ya umeme kuhujumiwa. Lakini zina faida nyingine isiyosemwa. Chakavu kilichokusanywa kwa utaratibu, kikachambuliwa na kufika tanuruni kikiwa safi, hutoa nondo bora. Na kila tani yake ni tani ambayo haikuhitaji kufuliwa upya kwa koki.

Hapa tuondoe mkanganyiko mmoja. Wakazi wa Kigoma wamesikia kwamba vijiji vya Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vinapata fedha za kaboni, na kwamba mwaka 2022 Serikali ilitunga kanuni za biashara ya kaboni. Fedha hizo hutokana na misitu iliyotunzwa isikatwe. Hazihusiani na bati. Atakayekuja kijijini kukusanya michango kwa ahadi kwamba mwenye paa la bati "lisilo na kaboni" atalipwa, aulizwe barua ya halmashauri, na taarifa yake ifikishwe ofisi ya kijiji siku hiyohiyo.

Nchi zinazotuuzia chuma nazo zina sera zao, na hizo zitafika Murungu ndani ya bei. Umoja wa Ulaya ulianza Oktoba 2023 kudai taarifa za hewa ukaa iliyomo katika chuma kinachoingia kwake, na tangu Januari 2026 unadai malipo. China iliingiza sekta ya chuma katika soko lake la vibali vya hewa ukaa mwaka 2025. India ilitangaza Desemba 2024 madaraja ya chuma cha kijani: tani moja ikiwa na hewa ukaa chini ya tani 2.2 hupewa nyota tatu, na ikiwa chini ya tani 1.6 hupewa nyota tano. Hatari tunayoiona ni kwamba kiwanda chenye matanuru mawili, moja safi na moja chafu, kinaweza kupeleka chuma safi Ulaya na kuleta kichafu Afrika, hewa ukaa yote ikabaki palepale. Kwa maoni yetu, jambo hilo halitazuiliwa na mnunuzi mmoja mmoja mbele ya kaunta; ni kazi ya Serikali na Jumuiya ya Afrika Mashariki kuamua tarakimu zipi koili inayoingia itoe.

Uamuzi mkubwa zaidi uko Ludewa, mkoani Njombe. Liganga ina mtapo wa chuma unaokadiriwa kuwa tani milioni 126, na Mchuchuma iliyo jirani ina makaa ya mawe yanayokadiriwa kuwa tani milioni 428. Mkataba wa kuyachimba yote mawili ulitiwa saini mwaka 2011, ukiwa na mpango wa kufua tani milioni 1 za chuma kwa mwaka na kujenga mtambo wa umeme wa makaa wa megawati 600, na umekawia kwa miaka mingi. Mtapo wa Liganga una titani na vanadi, na kwa sababu hiyo haufai kutiwa tu katika tanuru la kawaida. Afrika Kusini na Nyuzilandi zilikuwa na mtapo wa aina hiyo zikalazimika kutafuta njia yao. Nchi yenye gesi asilia na umeme mwingi wa maji inaweza kuchagua kufua kwa gesi na umeme, ambako hewa ukaa kwa tani hushuka hadi karibu nusu. Ikichagua makaa, chuma kitakuwa cha nyumbani, na tani milioni 2 na zaidi za hewa ukaa kila mwaka zitakuwa za nyumbani pia. Ajira za Ludewa ni haki ya watu wa Ludewa, na haja ya nchi kujifulia chuma chake haina ubishi. Tunachosema ni kwamba tanuru likishajengwa hudumu miaka mingi, kwa hiyo swali la aina yake liulizwe kabla ya jiwe la msingi.

Chakavu cha nyumbani, na watoto

Kila kaya ina chuma kisichotumika: jembe lililokatika, fremu ya baiskeli, sufuria lililotoboka, bati kuukuu. Kabla ya kukiuza, tazama kama bado kinafaa kwa kazi nyingine. Bati lililotoka katika nyumba kuu huweza kufunika banda la kuku au choo kwa miaka kadhaa, na huko halihitaji tanuru la aina yoyote. Kisichofaa kiuzwe. Uza kwa mzani wenye stika ya Wakala wa Vipimo, usikubali kukadiriwa kwa macho, na umwombe mnunuzi aonyeshe kibali.

Yapo mambo ambayo hatuyasemi kwa utulivu. Mwezi Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga, Wilaya ya Ngara, mwanafunzi alifika shuleni na kitu alichokiokota akidhani ni chuma chakavu cha kuuza. Lilikuwa bomu la kutupa kwa mkono. Lililipuka, likaua wanafunzi na kujeruhi makumi ya wengine. Ngara ni jirani yetu, na wilaya zote za mpakani mwa Burundi zimepitiwa na watu waliokimbia vita kwa miongo mingi. Mtoto asitumwe kuokota chuma. Kitu cha chuma kilichozibwa pande zote, chenye pete, chenye mapezi, au kizito kuliko umbo lake, kisiguswe; watu wasogezwe mbali na polisi wajulishwe. Mitungi ya gesi, vizima moto na matangi yaliyofungwa nayo hulipuka yakitiwa moto, na mnunuzi mwaminifu hayapokei. Betri ya gari isivunjwe nyumbani kwa ajili ya risasi yake: tindikali huunguza, na vumbi la risasi hudhuru akili za watoto kwa namna isiyoponyeka.

Dukani na baada ya dukani

Mlaji akiambiwa bati fulani ni "la kijani", aulize kwanza kama ni rangi. Kama muuzaji anakusudia mazingira, aombwe maandishi ya kiwanda yanayotaja kilo za hewa ukaa kwa tani na taasisi iliyozipima. Alama ya ubora ya TBS, iliyo chini ya Sheria ya Viwango ya mwaka 2009, ni ushahidi kwamba bidhaa imekidhi kiwango cha ubora. Si ushahidi wa kiasi cha kaboni, na asiwepo wa kuitumia hivyo. Pasipo maandishi yaliyothibitishwa, usilipe shilingi moja zaidi kwa ajili ya neno.

Lipa zaidi, ukiweza, kwa ajili ya unene na zinki. Namba ya geji huwachanganya wengi kwa sababu inakwenda kinyume: kadiri inavyokuwa kubwa, bati ni jembamba. Kwa kipimo cha Kiingereza kinachotumiwa sana, geji 28 ni karibu milimita 0.38, geji 30 ni 0.32 na geji 32 ni 0.27, lakini majedwali hutofautiana, kwa hiyo sisitiza kuandikiwa milimita katika risiti. Uzito hausemi uongo kirahisi. Zidisha urefu wa bati kwa mita, upana wake kabla ya kukunjwa kwa mita, unene kwa milimita, kisha mara 7.85, jibu ni kilo. Kwa bati la mita 3 kutoka koili ya milimita 914, geji 28 hutoa kilo 8.1, geji 30 kilo 6.8 na geji 32 kilo 5.9. Bati moja mkononi halionyeshi tofauti. Mabati 10 juu ya mzani yanaonyesha: 68 au 59. Aliyelipia geji 30 akapewa 32 ameibiwa kilo 9 katika kila mabati 10.

Mtu anaweza kusema kwamba bati jembamba lina chuma kidogo, hivyo hewa ukaa kidogo. Siku ya kununua ni kweli. Lakini bati jembamba hujikunja fundi anapolikanyaga, hupasuka penye msumari, na upepo wa masika hulianza hapo. Unene peke yake nao hautoshi, kwa kuwa kinachozuia kutu ni tabaka la zinki, au la zinki na alumini. Uliza gramu za tabaka hilo kwa mita ya mraba, na ukiwa na fedha za kuchagua kati ya rangi ya kupendeza na tabaka nene, chagua tabaka.

Kwa nondo hesabu ni rahisi zaidi. Nondo ya milimita 10 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa kilo 7.4, ya milimita 12, kilo 10.7; ya milimita 16, karibu kilo 19. Tofauti ndogo huvumiliwa katika viwango. Nondo iliyouzwa kuwa ya 12 ikapatikana na kilo 9 ni ya 11, na mhandisi hakuipigia hesabu hiyo. Tunatilia mkazo jambo hili kwa sababu nondo pungufu haionekani ikishafunikwa na zege, na huonekana siku jengo linapopasuka.

Sasa bati liko nyumbani. Kwa wanaonunua kidogo kidogo, uharibifu mwingi hutokea kabla paa halijapandishwa. Mabati yaliyolazwa yakibanana juu ya sakafu yenye unyevu hunasa maji katikati yake, na baada ya wiki chache huota unga mweupe. Huo ni zinki inayokufa, na bati hilo litapata kutu mapema. Yaegemeze yakiwa yamesimama kwa mshazari juu ya mbao, mbali na sakafu, na upepo upite kati yake. Yaliyoloa njiani yafutwe na kuanikwa siku ya kufika. Yasiwekwe pamoja na mbolea, chumvi, saruji wala majivu. Fundi akate kwa mkasi wa bati. Msumeno wa umeme hurusha cheche zinazounguza rangi na zinki. Misumari na skrubu ziwe na vizibo vya mpira na zipigwe juu ya mgongo wa bati, si bondeni maji yanakopita. Paa la jiko la kuni liachiwe nafasi ya kutolea moshi, kwa kuwa moshi wenye unyevu hula bati kwa ndani, upande ambao hakuna anayeutazama.

Risiti ihifadhiwe mpaka nyumba iishe. Iandikwe jina la kiwanda, unene kwa milimita, urefu na idadi. Muuzaji aliyekupunja kipimo anashughulikiwa na Wakala wa Vipimo. Bidhaa isiyokidhi kiwango ipelekwe TBS kupitia ofisi zake za kanda. Na maelezo ya kupotosha, yakiwamo ya "bati lisilo na kaboni", yanakatazwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na hupokelewa na Tume ya Ushindani. Aliye mbali na ofisi hizo aanze kwa afisa biashara wa halmashauri, Kibondo au Kasulu. Aende na risiti, kipande cha bati au nondo inayolalamikiwa, na picha ya chapa iliyopo juu yake. Bati likishakatwa, kupigwa misumari na kunyeshewa mvua mbili, malalamiko ya unene ni magumu kuthibitisha. Pima siku unapolipokea, kabla gari halijaondoka.